Kipimo cha Mguu wa Ephantus

Barua ya pili ya Ephantus ilikuja na kipande cha kamba ndani. Nicodemus, katekista wa kijiji cha Bahati aliyekuwa akiwasomea barua wote ambao shule iliwapita, aliikung'uta bahasha, kamba ikaanguka mezani, akauliza kama siku hizi kule Murang'a watu wameacha wino na kuandika kwa mafundo. Kosgei hakucheka. Aliiokota ile kamba ya katani, akaona ina fundo moja tu, karibu na ncha.

"Soma kwanza, Katekista," akasema. "Mzaha baadaye."

Nicodemus akasoma. "Kosgei, umeuliza mguu wangu unainuka mpaka wapi. Nimesimama kando ya ukuta na dada yangu amepima kutoka chini. Mguu unafika kwenye fundo, na huo wa pili ni vivyo hivyo. Nimepata ruhusa ya serikali ya siku tatu. Nitakuja na basi la Jumamosi ijayo. Nataka kuona kaburi la mama. Ni mimi, Ephantus."

Kosgei alitoka nje bila kuaga, akaenda mpaka nyuma ya gari lake, akakanyaga ncha ya kamba kwa kidole gumba cha mguu, akaivuta juu. Sakafu ya gari ililipita fundo kwa shubiri nzima. Alisimama pale na kamba mkononi, huku Nicodemus akimwangalia kupitia dirishani.

Sasa lazima niwaambie huyu Ephantus ni nani, maana msipomjua mtasema Kosgei ni mwendawazimu, na Bahati nzima walisema hivyo kabla yenu.

Kosgei alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba la pareto, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kofia. Gari lenyewe lilikuwa boksibodi, mbele viti viwili na mlango kila upande, nyuma sanduku la wazi la kubebea mizigo. Mbele alikaa Kosgei na usukani, na kando yake Bwana Kofia na mbwa wake, Jimi. Bwana asipokuwepo, Jimi alikaa peke yake juu ya blanketi lake, akiangalia barabara kama mkaguzi. Watu wengine wote walikaa nyuma. Hivyo ndivyo magari yote yalivyokuwa, na hakuna aliyeuliza, kama usivyouliza kwa nini mlango uko ukutani.

Ephantus alikuwa taniboi. Ndiye aliyepakia na kupakua, aliyesukuma matope yakizidi, na aliyesimama nyuma kabisa ya kichwa cha Kosgei, kwenye kile kioo kidogo, akigonga bodi kwa ngumi. Akigonga mara moja, simama. Mara mbili, twende. Kwa miaka kumi na minne walisemezana kwa ngumi hiyo, na nawaambia kuna mume na mke wasiosikilizana hivyo. Gari likiwa tayari limeanza kwenda, Ephantus alikuwa na mtindo wa kukimbia hatua tatu na kuruka ndani kwa mguu mmoja, kisha mara mbili, twende.

Kosgei hakuwa na mtu mwingine. Mkewe, Jepkorir, alifariki wakati wa kujifungua, na mtoto akamfuata, naye hakuoa tena. Jioni alikula kwenye jiko la mama yake Ephantus, mwanamke mfupi mkali aliyemwita mwanangu mrefu na kumgombeza kwa kumaliza mboga. Mama huyo alipofariki, mwaka wa hamsini na mbili, Kosgei na Ephantus walichimba kaburi lake kwa majembe mawili, kando ya barabara ya shamba, pale kwenye kona ya mikaratusi.

Mwaka uliofuata ikaja ile asubuhi. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, na amri ikatoka kwamba Wakikuyu wa mashamba yale wahamishwe, wapelekwe stesheni ya Nakuru, na kutoka hapo warudishwe kwao. Malori ya serikali hayakutosha. Bwana Kofia akamwambia Kosgei, ambaye hakuwa Mkikuyu, alete boksibodi. Askari waliweka chini sanduku la mafuta ya taa ili vikongwe wakanyage na kupanda, wakawahesabu kama mifugo ya mnadani, kumi na wanne. Ephantus alipanda wa mwisho. Akasimama pale pake, kwenye kioo.

Walipofika kwenye kona ya mikaratusi, bodi ililia mara moja.

Kosgei alisikia. Mguu wake ulikuwa umeshafika kwenye breki. "Endelea," Bwana Kofia akasema, hata hakugeuza kichwa, mkono wake uko shingoni mwa Jimi. Kosgei akaendelea. Alingoja ngumi ya pili mpaka stesheni, isije.

Hilo ndilo lililomkaa kooni miaka sita. Kuendesha alilazimishwa, hilo alijiambia na watu wote wa haki wangekubali. Lakini kusimama kidogo tu, mtu aage kaburi la mama yake, kwani angeuawa? Pengine angetukanwa. Pengine angefutwa kazi. Kwa kitu kama hicho alimnyima Ephantus dakika mbili, na huyo mama alimlisha yeye pia.

Bwana Kofia aliuza shamba mwaka wa hamsini na tano, akahamia Rhodesia, akamwachia Kosgei boksibodi kuukuu badala ya shukrani. Kosgei akawa mwenye gari, jambo la kuringia. Alibeba kabeji na viazi vya Bahati mpaka sokoni Nakuru, na wenye mizigo wakipanda nyuma juu ya mizigo yao. Aliwaona kwenye kioo wakicheka, lakini injini ilimeza maneno, na hakujua walichochekea. Walishuka wakiwa wameshaongea yakaisha. Walimpa heko, wakaenda zao, naye akarudi peke yake. Gari lile lilikuwa limeongezewa springi kwa ajili ya viazi, kwa hiyo likiwa na mzigo lilitulia, na likiwa tupu lilimrusha njia nzima hata meno yakagongana. Alifika nyumbani, akasonga ugali wa mtu mmoja, akala akiangalia mlango.

Siku moja ya mvua Adero, mama wa kabeji, alimgongea kwenye kioo na kuuliza kama angeweza kukaa mbele, maana analowa.

"Huko mbele kuna mwenyewe," Kosgei alimjibu.

Adero aliangalia kile kiti. Kilikuwa na blanketi la mbwa tu, limekunjwa vizuri. Akajifunika gunia, na Kosgei hakulifikiria tena jambo hilo.

Basi baada ya miaka sita hiyo ikaja barua ya kwanza, kwamba Ephantus yu hai, kwamba kambini alikofungwa, kwenye machimbo, jiwe lilimwangukia kiunoni na tangu hapo miguu haipandi juu, na kwamba angependa siku moja kuona kaburi. Hakusema lolote juu ya Kosgei kumchukua. Ni Kosgei aliyejitolea. Akajibu kupitia kwa Nicodemus: nipe kipimo, nitatengeneza gari. Alichotaka ni kimoja. Alitaka Ephantus apande tena gari lile kwa miguu yake mwenyewe, bila kushikwa wala kuinuliwa, wakaende mpaka ile kona na kusimama. Akipanda, yale yamekwisha. Akikataa, basi Kosgei atajua alivyo, na atabaki hivyo mpaka afe.

Jumatatu alikuwa Nakuru kwa Obeid Shariff. Obeid alikuwa fundi wa springi kule Bondeni, mtu ambaye babu yake alitoka Pwani pamoja na reli na kubaki reli ilipoendelea. Alikuwa na maneno mengi na mikono mizuri.

"Nataka hii gari ishuke," Kosgei akamwambia. "Nyuma. Ifike hapa." Akamwonyesha fundo.

Obeid aliangalia kamba, akaliangalia gari, akamwangalia Kosgei. "Mwaka juzi si ni wewe uliyenililia nikuongezee majani ya springi? Hukuniambia viazi vimekushinda? Watu huja kwangu kupandisha, bwana. Sijamwona anayekuja kushusha."

"Leo umeona."

"Na viazi?"

"Viazi itangoja."

Kosgei akamweleza habari za mgeni wake na kiuno chake. Obeid akasikiliza huku akifuta spana. Alipokwisha, akasema, "Sasa si umwekee sanduku akanyage? Kwa nini uharibu gari zima?"

Kosgei aliona lile sanduku la mafuta ya taa, na bibi mmoja akiteleza juu yake, na askari akimshika kwapani. "Sanduku, hapana," akasema.

"Basi wanaume wawili wamwinue."

"Yeye si gunia."

"Atakaa wapi huyo mheshimiwa?"

"Nyuma. Pale kwa kioo. Ndiyo mahali yake."

Obeid akainua mabega. Gari ni la mtu na kazi ni kazi. Akamwambia aliingize juu ya shimo la kazi yeye mwenyewe, kwani ameona manyoya ya mbwa kitini na hataki kujiosha mara saba, kama dini yake inavyomtaka akiguswa na mbwa, kwa sababu ya viazi. "Mbwa wako yuko wapi?"

"Sina mbwa."

"Na blanketi?"

"Ni ya Jimi. Mbwa ya bwana. Walienda Rhodesia."

Obeid akalitazama lile blanketi. Akachukua jeki, akaingia chini.

Springi za gari lile zilikuwa vyuma virefu vilivyopinda kama mbavu, kimoja juu ya kingine, ambavyo mafundi huviita majani. Kila upande yalikuwa tisa. Obeid alimwaga mafuta ya taa kwenye nati zilizoshikana kwa kutu, wakangoja zilainike, wakanywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, huku wakilitazama gari likining'inia magogoni. Kisha wakalegeza vile vyuma vinavyokumbatia ekseli, wakaitoa springi nzima, wakaibana kwa jiliwa kabla ya kufungua bolti ya katikati, kwa sababu springi ikifunguliwa bila kubanwa hukurukia usoni. Obeid aliyaandika majani namba kwa chaki. Akatoa manne kila upande, akarudisha matano.

Waliteremsha jeki. Kosgei akapima. Gari lilikuwa limeshuka vidole vinne, na fundo bado liko chini.

"Bado," akasema.

"Sasa umebaki moto," Obeid akasema, na mara hii hakutania. "Nitalitia jani refu la kila upande tanurini nilinyooshe. Lakini nisikilize, Kosgei. Chuma cha springi kikishaingia motoni kimekufa. Nguvu yake yote iko katika ule mpindo. Nikikinyoosha leo, usije kesho ukaniambia nikirudishe. Hakirudi. Hutabeba viazi tena kwa springi hizi, wala kabeji. Gari litakuwa la kutembelea, kama la mchungaji."

Kosgei alifikiria kabeji za Adero. Alifikiria miaka aliyokuwa akibeba viazi, na barabara ya kurudi. "Piga," akasema.

Mivukuto ikapuliza, jani moja baada ya jingine likawa jekundu, Obeid akalipiga nyundo mpaka mpindo wake ukawa kidogo tu, kama tabasamu la mtu asiyependa kutabasamu. Ilipofika alasiri gari lilishushwa kwa mara ya mwisho. Kosgei akakanyaga kamba, akaivuta. Fundo lilikutana na sakafu ya gari, sawa kabisa. Alipitisha kidole pale vilipogusana, mara mbili, na machozi yakamtoka, na Obeid akajitia kutafuta spana.

Bahati hawakumwonea huruma. Gari liliinua pua na kukalia matako, na kabla hajazima injini jina lilikuwa limeshapatikana. "Kosgei, umefuga fisi?" watu wakamwuliza, na ni kweli, lilikuwa fisi mtupu. Adero peke yake hakucheka. Alilizunguka gari, akabonyeza sanduku kwa mkono, likazama.

"Na mimi nitapeleka kabeji na nini?" akauliza.

"Kuna lori ya ushirika."

"Lori ya ushirika inakuja Alhamisi. Kabeji haijui Alhamisi." Akaondoa mkono kwenye sanduku. "Miaka minne nimepanda gari yako, Kosgei. Ungeniambia tu."

Kosgei alijua amekosea, na alijua angefanya vile vile tena. Wiki ile hakuna mzigo uliokuja. Alikaa mlangoni kwake akisikia magari ya watu wengine yakipanda kilima na mizigo iliyokuwa yake. Alisugua sakafu ya sanduku kwa maji ya moto. Akakunja gunia jipya kuwa mto, akaliweka pale kwenye kioo. Akaosha na kioo chenyewe. Ijumaa alienda na jembe kwenye kona ya mikaratusi, akang'oa magugu juu ya kaburi kama alivyofanya kila mwezi kwa miaka sita, akamwambia yule mama, kwa sauti, kwamba mwanawe anakuja kesho. Alijisikia mjinga, lakini alisema.

Jumamosi alifika Nakuru mapema mno. Aliligeuza gari, akalisimamisha kinyumenyume mbele ya mahali basi hushushia watu, akafungua ubao wa nyuma, akaunyoosha ukawa sambamba na sakafu. Kamba ilikuwa mfukoni. Aliitoa akapima. Akairudisha. Akaitoa tena.

Basi lilikuja saa nane, jeupe kwa vumbi. Watu walishuka na kuku na vikapu, kisha hakuna mtu, na Kosgei akadhani hakuja. Halafu fimbo ikatoka mlangoni, na nyuma yake Ephantus, kondakta amemshika mkono. Alikuwa amekonda na nywele zimekuwa za majivu. Alitembea bila kuinua nyayo, akizikokota. Mtu yule aliyekuwa akirukia gari likienda.

"Kosgei," akasema.

"Umefika."

"Nimefika."

Wakapeana mikono, na mikono ikakataa kuachana. Milima haikutani, binadamu hukutana, watu husema, lakini hawasemi mkutane mseme nini. Kosgei alichukua mfuko wake, akamwongoza mpaka kwenye ule ubao, akaupangusa kwa mkono ingawa ulikuwa safi.

"Nimeshusha," akasema. "Fundo inafika. Pima mwenyewe. Hutahitaji mtu. Pale kwa kioo nimekuwekea gunia."

Ephantus aliliangalia gari muda mrefu. Aliangalia lile gunia lililokunjwa, na kioo kilichooshwa. Akashika ubao kwa mkono mmoja. Kosgei alimwona akihema, na alidhani ni kiuno.

"Nyuma nilipanda siku ile," Ephantus akasema. "Nilijiambia sitapanda tena nyuma ya gari lolote. Hata basi nimekaa na dereva."

Basi, Kosgei akajua limekwisha. Alianza kuufunga ubao, kwa sababu mikono ilitaka kazi, na ubao ukamponyoka ukalia. "Ni sawa," akasema. "Ni haki yako. Nitakutafutia mtu mwingine mwenye gari akupeleke."

"Kwani mbele kuna nani?" Ephantus akauliza.

Kosgei aligeuka kutazama mbele, kweli kabisa aligeuka, kwenda kuangalia aliyeko. Kupitia kile kioo alichokiosha mwenyewe aliona mgongo wa kiti, na juu yake blanketi la Jimi.

"Hakuna mtu," akasema.

Alizunguka upande wa kushoto, akashika mkono wa mlango. Haukukubali. Ulikuwa haujafunguliwa tangu Bwana Kofia aushukie mara ya mwisho, na kutu ilikuwa imekula bawaba. Kosgei alivuta, akaweka mguu mmoja kwenye bodi, akavuta tena. Watu wa stendi wakaanza kutazama. Akaenda kuchukua jiwe, akagonga bawaba ya juu, akagonga ya chini, na mlango ukafunguka kwa kelele ambayo iliwafanya kuku wa watu waruke. Akalitoa blanketi. Likaacha alama ya mbwa kwenye kiti, pameng'aa pale alipokuwa akikalia. Kosgei alisimama nalo mkononi asijue pa kuliweka, kisha akalitupa nyuma, ndani ya sanduku.

Chini ya mlango kulikuwa na ubao wa chuma wa kukanyagia, ule ambao magari ya zamani yalikuwa nao pande zote mbili. Yeye mwenyewe alikuwa akikanyaga wa upande wake kila siku ya Mungu, kwenda na kurudi, miaka ishirini. Alitoa kamba. Akaikanyaga, akaivuta. Fundo lilikuwa juu ya ubao kwa vidole vitano, na huku mbele hakuna aliyeshusha kitu. Lingekuwa hivyo Jumatatu. Lingekuwa hivyo siku barua ilipofika.

Ephantus aliweka mguu mmoja kwenye ubao, akashika mlango, akaleta wa pili, akaketi. Hakushikwa na mtu.

Kosgei aliingia upande wake. Aliwasha gari, na walipokuwa wakitoka stendi bega lake la kushoto likagusana na bega la mtu. Alishtuka kidogo. Hakuwa amezoea.

Barabara ya Bahati haijapata kumpenda mtu. Kwenye shimo la kwanza ekseli iligonga chesisi kwa kishindo, na la pili vivyo hivyo, na Ephantus akashika dashibodi. "Hizi springi nani alikuharibia?" akauliza.

Kosgei akamwambia. Alimwambia majani manne manne, na tanuri, na Obeid asiyetaka kujiosha mara saba, na kabeji za Adero, na kamba alivyoipima asubuhi hii mara tatu. Ephantus alianza kucheka kabla hajafika kwenye fisi. Alicheka akishika kiuno, mpaka kikamwuma, akasema, "Wewe Kosgei. Wewe." Kisha akaacha kucheka, akageuka akatazama kioo kidogo nyuma yao, na sanduku tupu, na blanketi likirukaruka ndani yake.

"Siku ile nilisikia," Kosgei akasema. Alisema akiangalia barabara, maana vinginevyo hangesema. "Uligonga mara moja. Mimi nilisikia."

"Najua ulisikia. Nilikuwa nyuma ya kichwa chako. Niliona shingo yako ikikazana."

"Sikusimama."

"Hukusimama," Ephantus akasema. Hakusema kwa hasira, wala hakusema si kitu. "Nilikaa nikichukia hiyo shingo miaka mingi. Halafu jiwe likaniangukia, nikawa na mambo mengine ya kuchukia."

Kosgei alitaka kuomba radhi, akapunguza mwendo ili mashimo yasimwumize. Gari lilipanda polepole. Walipita shamba la pareto ambalo sasa lilikuwa la mtu mwingine. Mbele yao mikaratusi ikaonekana, na barabara ikianza kukunja.

Ephantus aliinua ngumi. Aliinua mpaka karibu na paa, kwa mazoea ya miaka kumi na minne, akaitazama, akaishusha juu ya goti lake. Hakukuwa na haja ya kugonga. Dereva alikuwa hapo hapo.

"Simama," akasema, kwa sauti ya kawaida.

Kosgei akakanyaga breki.